Muscat kwa basi la ghorofa: Watoto waone mji, jua lisiwaumize

Familia nyingi za mwambao wa Afrika Mashariki zina ndugu Oman. Kuna mwenye shangazi Ruwi, mwenye mjomba Seeb, na mwenye bibi aliyeondoka Unguja akiwa binti mdogo na hadi leo anapika mandazi kila Ijumaa. Shule zikifungwa na tiketi zikipatikana, watoto hupelekwa kusalimia. Wakishafika, wiki ya kwanza huishia sebuleni, kiyoyozi kinanguruma na kila mmoja ana simu yake mkononi. Hapo ndipo mzazi anapoanza kutafuta namna ya kuwaonyesha mji bila kumgeuza mwenyeji wake dereva wa kila siku.

Njia moja rahisi ni basi la utalii la kupanda na kushuka, lile la ghorofa mbili ambalo juu yake ni wazi. Abiria analipa mara moja, anashuka kwenye kituo anachokitaka, anatazama anachokitazama, kisha anapanda basi jingine linalofuata kwa tiketi ileile. Kwa familia yenye watoto wa rika tofauti utaratibu huu unasaidia sana. Mdogo akichoka au akitaka choo, hakuna kundi la wageni linalomsubiri wala kiongozi wa msafara anayetazama saa.

Lakini basi hilohilo linaweza kumletea mtoto madhara makubwa kwa saa mbili tu iwapo mzazi hakujipanga. Muscat si Dar es Salaam wala Mombasa. Jua lake lina tabia nyingine.

Likizo ya Juni si sawa na ya Desemba

Mwezi wa safari ndio jambo la kwanza la kuamua. Kati ya Desemba na Februari, mchana wa Muscat huwa na joto la takriban nyuzi 25, na jioni mtoto anaweza hata kuhitaji sweta nyepesi. Kuanzia Mei hadi Agosti mambo hugeuka. Joto la mchana huweza kuvuka nyuzi 40, na usiku mara nyingi halishuki chini ya 30. Mji umezungukwa na milima ya mawe meusi inayolimeza jua mchana kutwa na kulitema usiku. Bahari nayo huongeza unyevu hewani, na unyevu ukizidi, jasho halikauki vizuri mwilini. Jasho lisipokauka, halipozi.

Serikali ya Oman yenyewe hulichukulia joto hilo kwa uzito. Kila mwaka, kuanzia Juni hadi mwisho wa Agosti, kazi za juani kama ujenzi husimamishwa kati ya saa 6:30 mchana na saa 9:30 alasiri. Ikiwa fundi mwenye misuli anaondolewa juani saa hizo, mtoto wa miaka minne hana sababu ya kuwa kwenye ghorofa ya juu ya basi lisilo na paa.

Bahati mbaya likizo ya katikati ya mwaka kwa shule nyingi za Tanzania huangukia Juni, mwezi ambao ni mkali kuliko mingi Muscat. Mzazi mwenye uchaguzi asogeze safari hadi likizo ya Desemba. Asiye na uchaguzi abadilishe saa: basi lipandwe asubuhi mapema linapoanza kazi au jioni, na mchana uwe wa ndani.

Kinachoonekana dirishani

Basi linapofuata barabara ya pwani ya Mutrah, upande mmoja kuna bahari na upande mwingine nyumba nyeupe za zamani zenye vibaraza vya nakshi. Mtoto aliyewahi kutembea Forodhani au Mji wa Kale wa Mombasa atahisi kuna kitu anakifahamu hapo, hata kama hajui ni nini. Hapo ndipo pa kumwanzishia hadithi.

Soko la Mutrah liko nyuma tu ya barabara hiyo. Wenyeji huliita soko la giza, kwa kuwa vichochoro vyake ni vyembamba na mwanga wa jua hauingii sawasawa. Ndani kuna ubani kutoka Dhofar, fedha, vitambaa, na kofia zilizodariziwa ambazo mtoto wa Zanzibar atazitambua mara moja. Kuna haluwa pia, ndugu wa ileile inayoletwa na kahawa kwenye harusi za Pwani. Jioni, harufu ya nyama ya kuchoma inaweza kumfikia mgeni kabla hajaona jiko, na akiuliza jina ataambiwa "mishkak". Hahitaji mkalimani.

Asishangae pia akisikia Kiswahili nyuma yake. Waomani wengi walizaliwa au kulelewa Zanzibar na Bara, wakahamia Oman baada ya mapinduzi ya 1964, na wengine baada ya 1970 Sultan Qaboos aliposhika madaraka na kuwaita nyumbani waliokuwa nje. Wapo wazee wa Muscat ambao Kiarabu wamejifunza ukubwani. Mtoto akimwamkia mzee wa aina hiyo "shikamoo", anaweza kuondoka dukani na kipande cha haluwa cha bure.

Mbele kidogo ni Muscat yenyewe, mji mkongwe. Kasri la Al Alam la mwaka 1972, lenye nguzo za buluu na dhahabu, hutazamwa kutoka nje ya geti. Kulia na kushoto kwake, juu ya miamba ya bahari, zimesimama ngome mbili, Al Jalali na Al Mirani. Wareno, walioiteka Muscat mwaka 1507, walizijenga kwa umbo lake la sasa katika miaka ya 1580, kabla hawajaanza Fort Jesus ya Mombasa mwaka 1593. Mtoto aliyekwenda Fort Jesus na shule yake ataona kwamba ni mkono uleule.

Waomani waliwafukuza Wareno hapo Muscat mwaka 1650. Hawakuishia hapo. Waliwafuata hadi Mombasa na, baada ya kuizingira Fort Jesus karibu miaka mitatu, wakaitwaa mwaka 1698. Kwa maneno mengine, sehemu ya historia ya Mombasa ilianzia kwenye bandari hii ndogo iliyobanwa kati ya miamba miwili.

Yale ambayo mzazi atayasema mwenyewe

Kwenye mabasi ya aina hii abiria hupewa visikilizio vya masikioni vyenye maelezo ya mji kwa lugha kadhaa. Maelezo hayo ni ya watalii: mafupi, matamu, yasiyomkera mtu. Mtoto wa miaka kumi anaweza kuyasikiliza hadi mwisho na asijue kwa nini bibi yake anaishi huku ilhali kaburi la babu liko Unguja. Sehemu hiyo ni kazi ya mzazi.

Anaweza kuanzia kwa Sayyid Said, mtawala wa Oman aliyeipenda Zanzibar kiasi cha kuhamishia makao yake huko katika miaka ya 1830 na kuhimiza kilimo cha karafuu. Alifariki mwaka 1856, wanawe wakagombana, na mwaka 1861 dola likagawanywa mawili, Muscat na Zanzibar, kwa usuluhishi wa Waingereza. Mtoto aliyewahi kuona ndugu wakigombania shamba la urithi haitaji maelezo zaidi.

Sehemu ngumu nayo isirukwe. Utajiri wa karafuu na pembe za ndovu ulibebwa na jasho la watumwa waliotolewa Bara. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873 chini ya Sultan Barghash, na Oman ilipiga marufuku utumwa mwaka 1970 tu. Zipo familia ambazo damu ya pande zote mbili, ya bwana na ya mtumwa, inatembea kwenye mishipa ya mtoto mmoja. Mtoto mkubwa akiuliza, anastahili jibu la kweli linalolingana na umri wake, bila kumdharaulisha upande wowote wa ukoo. Akinyamaziwa, atajifunza kwamba kuna jambo la aibu juu yake, na hatajua ni lipi.

Mahali pazuri pa mazungumzo hayo ni Makumbusho ya Taifa, mbele ya Kasri la Al Alam, yaliyofunguliwa mwaka 2016. Ni ndani na pana nafasi ya kukaa, kwa hiyo akili na mwili wa mtoto vinapumzika pamoja.

Upepo unaodanganya

Ghorofa ya juu ya basi ndiyo ambayo kila mtoto anaitaka. Basi likiwa linakwenda, upepo unapiga usoni, jasho linakauka, na wote hujisikia vizuri. Huo ndio mtego. Ngozi inaungua kimyakimya na maji yanatoka mwilini bila nguo kulowa. Basi likisimama kwenye taa au kituoni, joto huja kwa mkupuo, na mtoto aliyekuwa anacheka dakika tano zilizopita anaanza kulia bila sababu inayoonekana.

Watoto hupata shida ya joto haraka kuliko watu wazima. Mwili mdogo hupokea joto kwa kasi, hutoa jasho kidogo, na mtoto mdogo hawezi kusema "nina kiu" hadi kiu imeshazidi. Kwa hiyo mzazi asingoje kuombwa maji. Ampe kila baada ya dakika 15 hadi 20, mafunda machache. Soda na juisi tamu hazichukui nafasi ya maji.

Kipimo rahisi ni mkojo. Mtoto aliyekunywa vya kutosha hukojoa mara kwa mara, na mkojo wake ni mweupe au wa njano hafifu. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai, au mtoto akikaa saa sita bila kukojoa, au nepi ikibaki kavu muda huohuo, ameshapungukiwa maji. Ashushwe, apelekwe penye ubaridi, aanzishiwe ORS kidogo kidogo. Pakiti mbili tatu za ORS kutoka nyumbani hazijazi mkoba.

Mtoto wa chini ya miezi sita asikae juani kabisa. Akae ghorofa ya chini na mama, na anyonye mara nyingi zaidi ya kawaida. Maziwa ya mama yanamtosha, hahitaji maji hata kwenye joto. Kosa la kawaida ni kukifunika kigari chake kwa kanga ili kumkinga na jua. Ndani ya kigari kilichofunikwa hewa haipiti, na joto linaweza kuzidi la nje. Kivuli cha ukuta au cha mwavuli ni bora.

Kwa wakubwa kidogo, kofia pana, nguo nyepesi za mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua yenye SPF 30 au zaidi, yakipakwa upya kila baada ya saa mbili. Wapo wazazi wanaoamini kwamba ngozi nyeusi haihitaji mafuta hayo. Ni kweli ina kinga zaidi, ila inaungua pia. Kwa mtoto mwenye ualbino hakuna mjadala: ghorofa ya chini, mafuta, miwani ya jua, mikono na miguu iliyofunikwa, na safari ya jua likiwa limepoa.

Mtoto mwenye selimundu

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu duniani, na Oman nayo inaufahamu ugonjwa huu vizuri. Kwa mtoto wa namna hii, kukaukiwa maji si uchovu tu. Kunaweza kumletea maumivu makali ya mifupa, kifua au tumbo, na kumlaza hospitali ugenini.

Hatari ya pili ni ubaridi wa ghafla. Kutoka nyuzi 40 za barabarani na kuingia kwenye duka lenye kiyoyozi cha nyuzi 18, kisha kurudi nje, na kurudia hivyo mara tano kwa siku, ni mtikisiko kwa mwili wake. Abebewe sweta hata kama inaonekana kichekesho. Dawa zake zote zisafiri kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na karatasi ya daktari inayoeleza hali yake. Kabla ya kukata tiketi ya ndege ni vyema amwone daktari wake, maana safari ya angani nayo ina masharti kwa baadhi ya wagonjwa.

Homa si jua kila mara

Jambo moja linastahili kusomwa mara mbili. Mtoto akipata homa siku chache baada ya kufika Muscat, watu wazima nyumbani husema haraka, "jua limempiga". Anapewa panadoli, anawekwa mbele ya kiyoyozi, na kila mtu anangoja.

Lakini mtoto huyo ametoka kwenye nchi yenye malaria. Vimelea vya malaria huweza kukaa mwilini siku saba hadi mwezi mmoja, wakati mwingine zaidi, kabla dalili hazijatokea. Mbu aliyemuuma Tanga au Temeke anaweza kumuuguza akiwa Muscat. Kwa kuwa malaria si ugonjwa wa kila siku huko, daktari anaweza asiufikirie kwanza. Mzazi ndiye anayepaswa kutamka: "Tumetoka Tanzania wiki iliyopita, naomba apimwe malaria." Sentensi hiyo moja imebeba uhai. Malaria kali kwa mtoto mdogo huweza kuua ndani ya siku moja au mbili, na haisubiri likizo iishe.

Kiharusi cha joto nacho ni dharura. Dalili zake ni mwili kuwaka moto, nyuzi 40 au zaidi, mtoto kuchanganyikiwa, kuongea yasiyoeleweka, kuanguka, kupata degedege au kupoteza fahamu. Hapo panadoli haisaidii. Namba ya dharura Oman ni 9999. Wakati msaada unakuja, avuliwe nguo nzito kivulini, amwagiwe maji mwilini, apepewe kwa nguvu, na vitu vya baridi viwekwe shingoni, kwapani na kwenye kinena. Asiye na fahamu kamili asinyweshwe kitu, kwa sababu anaweza kupaliwa.

Siku moja inayowezekana

Familia yenye watoto wawili au watatu isijaribu kumaliza vituo vyote. Vituo vitatu kwa siku vinatosha. Watoto wale vizuri kabla ya kutoka, lakini wasishibe kupita kiasi, kwani wenye umri wa miaka miwili hadi kumi na miwili ndio husumbuliwa zaidi na kichefuchefu cha safari. Anayetapika kwenye magari akae mbele, atazame mbali nje, na simu iwekwe mfukoni.

Mzunguko wa kwanza ufanywe asubuhi bila kushuka, watoto waone mji wote na wachague wenyewe wapi warudi. Juu, wakae muda wote basi linapotembea, mikono ndani, na mdogo kabisa akae katikati ya watu wazima wawili badala ya pembeni. Wakishuka kwenye mji mkongwe, watazame ngome na kasri kwa muda mfupi kisha waingie makumbusho. Saa za jua kali ziwe za chakula na usingizi nyumbani kwa mwenyeji. Maduka mengi ya soko la Mutrah nayo hufungwa mchana na kufunguliwa tena jioni, kwa hiyo hakuna kinachopotea.

Jioni ni ya soko na matembezi ya pwani. Kabla ya kushuka, mzazi amuulize dereva basi la mwisho linapita saa ngapi, na saa hiyo isemwe kwa namna inayoeleweka pande zote mbili, kwa kuwa "saa mbili" ya Mswahili si saa mbili ya kila mtu. Saa ya Oman pia iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa moja, na simu isiyojirekebisha imewaacha wengi kituoni.

Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001, unastahili asubuhi yake peke yake. Wageni wasio Waislamu hupokelewa asubuhi tu, siku zote isipokuwa Ijumaa, na mavazi ya heshima ni lazima kwa wote.

Kuhusu gharama, riyali moja ya Oman ni zaidi ya dola mbili na nusu za Marekani, hivyo tarakimu ndogo kwenye bango la bei isimdanganye mtu. Mzazi apige hesabu ya tiketi za familia nzima, aulize umri ambao mtoto hupanda bure, na alinganishe na teksi mbili za kwenda na kurudi. Aulize pia kama tiketi ya siku moja huhesabiwa saa 24 tangu kupanda mara ya kwanza au huisha jioni ileile. Ikiwa ni saa 24, familia inaweza kuanza alasiri, kulala, na kumalizia asubuhi ya pili, ikakwepa jua la mchana mara zote mbili kwa tiketi moja.

Na kama kuna bibi nyumbani ambaye magoti yanamruhusu, naye akatiwe tiketi. Akae ghorofa ya chini, karibu na dirisha, mjukuu pembeni yake na chupa ya maji katikati yao. Yapo mambo kuhusu Muscat na Unguja ambayo visikilizio vya basi havitayasema kamwe, na yeye huenda hajawahi kuulizwa.